Kikopo cha Barasa na Kipa wa Uskoti

Wewe unayesoma hii umejifunika blanketi mpaka kichwani ili wenzako chumbani wasisikie unavyokohoa, toa kichwa kwanza upate hewa. Nakujua. Mimi nilikohoa chini ya blanketi wiki sita nzima hapa Doha, mtaa wa Najma, nikidhani nimewaficha wenzangu. Kumbe chumba kizima kilikuwa kinasikia, ila kila mmoja anamshuku jirani yake.

Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano nililisomea dirishani nikiangalia mpira. Kwa hiyo usitegemee nikueleze kifua kikuu kinaingiaje mwilini. Hayo kamuulize daktari. Mimi nakueleza yaliyonikuta, na ujinga nilioufanya, ili wewe ufanye ujinga mwingine, huu wangu uuache.

Jina langu Shabani, kwetu Kilosa. Kazi yangu ulinzi, getini kwenye jengo la maofisi. Ijumaa asubuhi kazi yangu ukipa. Tuna timu ya walinzi watupu, Timu ya Geti, tunachezea uwanja wa vumbi nyuma ya maghala. Na ukipa wangu si wa kubahatisha. Kuna Ijumaa nilidaka krosi, na njiwa wawili waliokuwa wanakatiza nao nikawadaka humohumo. Waulize watu.

Basi joto lilipoanza kupungua, mwezi wa kumi, kikohozi kikaingia. Niliisingizia AC. Hapa AC ndiyo mchawi wetu sote: kichwa ni AC, mgongo ni AC, ukiota ndoto mbaya ni AC. Halafu likaja jasho la kulala, naamka asubuhi shuka unaweza kulikamua ukafulia soksi. Halafu mwili ukaanza kuondoka bila kuaga. Mkanda niliutoboa tundu, nikatoboa la pili, mpaka ukabaki matundu tupu kama chujio la nazi. Uwanjani wapinzani wakaanza maneno:

"Oyaa, leo jezi inadaka yenyewe! Kipa wenu yuko wapi?"

Nikacheka nao. Moyoni nikajisemea, kuna mtu ananifanyia kazi kwa mganga. Nikaanza kuhesabu watu. Wa kwanza niliyemshuku alikuwa anayekaa benchi akingojea nafasi yangu golini, shemeji yake Barasa.

Barasa mwenyewe nikueleze. Mkenya wa Busia, mlinzi mwenzangu, beki wangu wa kati, analala kitanda cha juu yangu. Mtu mkubwa kama lile friji la soda la dukani. Akisimama mbele ya goli, mimi nyuma nakuwa kivulini. Chumba chetu cha watu sita, huyo ndiye hajawahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Kikohozi kidogo alikuwa nacho, asubuhi tu akiamka, lakini si unajua, AC.

Siku moja supavaiza alinisikia nikikohoa mbele ya mgeni mmoja mwenye kanzu nyeupe pee. Saa ileile akanitoa getini akanipeleka kliniki. Mpaka leo sijui alinionea huruma mimi au alimwonea huruma yule mgeni.

Kwenye chumba cha kungojea kulikuwa na watu kama mia, viti vimejaa, kila mtu kashika karatasi ya namba. Nikakohoa mara moja. Viti vitatu kulia vikabaki wazi, vitatu kushoto vikabaki wazi. Nikasema basi, angalau leo nimepata pa kunyoosha miguu. Lakini ndugu yangu, kile kiti kitupu cha pembeni yako kinauma kuliko sindano. Unakiangalia hivi, unajiona umeshakufa na watu wamekuachia nafasi ya jeneza.

Wakanipiga picha ya kifua. Mpigaji akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akaiangalia tena picha, akatabasamu. Mtu wa hospitali akikuchekea bila sababu, ogopa. Daktari akanipa kikopo cha plastiki chenye jina langu. Nikiamka asubuhi, kabla ya kula chochote, nikohoe nitemee humo, nilete.

Sasa hapa ndipo penye ujinga wenyewe.

Sisi kwenye vyumba vyetu tunaazimana. Mtu akiwa na usaili anaazimwa koti. Akiwa hana viatu vyeusi anaazimwa viatu, hata kama namba hazilingani, atatembea kama bata lakini atafika. Na kabla ya kuja huku, kwenye vipimo vya safari, nilisikia watu wamewahi kuazimana hata mkojo. Mwenye mkojo mzuri alikuwa anaheshimika kama shehe. Na habari tuliyokuwa tunapeana getini ni moja: ukionekana na madoa kifuani, kesho uko kwenye ndege, nguo zako zingali kwenye kamba. Nani aliyeiona hiyo ndege? Hakuna. Lakini wote tulikuwa tunaisikia inavyounguruma.

Asubuhi nikamwamsha Barasa.

"Barasa, naomba unikoholee."

"Nikukoholee wewe? Kwani kukohoa pia ni shift?"

"Kwenye hiki kikopo. Wewe ndiye mzima kuliko wote humu."

Akajiinua, kitanda kikalia. "Hiyo ni ukweli. Lakini mimi sina makohozi bana. Mimi ni mtu safi."

"Jaribu. Wakinirudisha nyumbani, Ijumaa anadaka shemeji yako."

Barasa akafikiria udakaji wa shemeji yake. "Leta hiyo kitu."

Akavuta. Ilitoka sauti kama lori la kokoto linapanda mlima kwa gia namba moja. Kikopo kikafika nusu. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka, ajiulize mtu mzima anatoaje mzigo wote ule. Mimi nilifurahi. Barasa naye akakiangalia kwa fahari.

"Umeona? Makohozi ya bingwa hayo. Wakipima hayo watakupatia mpaka promosheni."

Nikafunga kifuniko, nikapeleka. Wiki ileile Barasa akahamishiwa lindo la Al Mansoura na malazi yake yakawa hukohuko. Tukaagana kwa utani tu.

Siku ya tatu simu ikalia. Natakiwa hospitali sasa hivi, nivae barakoa, nisipande basi, gari linakuja. Nikafika, nikaambiwa kipimo kimekuta kifua kikuu.

Sikukubali. Nilimwambia daktari mashine imekosea. Akasema haijakosea. Nilitaka kumwambia haiwezekani kwa sababu hayakuwa yangu, nikaumeza ulimi. Wakanipeleka wodi iliyotengwa, milango miwili, kila anayeingia kajifunika uso. Nilikaa kitandani nawaza jambo moja: Barasa kaniuza. Kachukua makohozi ya mgonjwa mahali akanitilia, ili shemeji yake adake. Nikampigia.

"Ulinitilia nini kwenye kikopo?"

"Makohozi yangu bana! Si ulikuwa umesimama hapo ukiangalia?"

"Yako mwenyewe?"

"Ya nani tena, ya supavaiza? Kwani wamesemaje?"

"Wamesema ni TB."

Akanyamaza. Barasa kunyamaza ni kitu kikubwa, huwa anaongea hata usingizini. Nikamsikia anakohoa, akauweka mkono kwenye simu, lakini nikasikia.

"Shabani," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "hiyo TB ni yako. Picha ya kifua ni ya nani? Si ni yako? Basi maliza na wao. Mimi sina kitu."

"Kapime tu, kaka."

"Nipime nirudishwe? Mwezi wa tano naenda likizo. Binti yangu nilimwacha akitambaa, sahi anakimbia, hajawahi nishika hata mkono. Nikirudi kwa kufukuzwa na ugonjwa, nitaingia kwangu vipi? Ukitaja jina langu, wewe na mimi tumemalizana. Umesikia?"

Nilisikia. Jioni ile nesi akanijia na karatasi, akaniuliza nalala na nani chumbani ili nao wapimwe. Nikataja wanne. Sisi tulikuwa sita. Wale wanne walipimwa, wote wazima.

Nesi huyo tulimwita Sista Lisi, mama wa Kerala, mfupi, ana macho ya afisa wa forodha. Kila asubuhi analeta vidonge kiganja kizima, vyekundu na vyeupe, vikubwa, unameza kama unameza betri za tochi. Ukishameza anasema fungua mdomo, inua ulimi, geuza kushoto. Mimi nikajisemea, huyu anatafuta siri, si kidonge. Siku ya kwanza nikaenda haja ndogo, ikatoka nyekundu kama sharubati ya ukwaju. Nikapiga kelele wodi nzima ikasimama. Nilijua wameniwekea sumu. Sista Lisi akaja, akaangalia, akasema ni dawa tu, hata machozi yako yatakuwa hivyo. Basi wewe usiye na mtu wa kukuambia, nakuambia mimi: ukianza vidonge vile utakojoa rangi, usiandike wosia.

Nyumbani nako moto. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa kazoea tunapigiana simu ya picha kila siku. Nikawa sipokei, mashavu yalikuwa yameingia ndani, ungeweza kutegesha yai kila upande na lisianguke. Siku niliyopokea, akaona pazia nyuma yangu.

"Pazia la nani hilo, la buluu?"

"La hapa tu."

"Hapa wapi? Chumbani kwenu hamna pazia, mna shuka limepigiliwa misumari. Na huyo mwanamke anayekwambia fungua mdomo ni nani?"

Ilibidi nimweleze. Unajua hakuniamini? Alisema kifua kikuu ni uongo wa kitoto, nitafute uongo wa mtu mzima. Mpaka Sista Lisi alipochukua simu mwenyewe, kavaa barakoa, akampungia mkono, ndipo mke wangu akaanza kulia. Nikaona heri angeendelea kunishuku.

Sasa huyo niliyelazwa naye. Chumba kilikuwa cha vitanda viwili, cha pili kalala mzee wa Kizungu, mrefu, miguu inatoka nje ya kitanda. Nikashtuka. Mzungu afuate nini wodi ya walinzi? Mimi nilijua huu ni ugonjwa wa vyumba vya watu sita. Halafu ana daftari, anaandika. Nikikohoa, anaandika. Nikipiga simu, anaandika. Nikasema huyu kawekwa na kampuni. Nikawa naongea na Barasa kwa Kiswahili cha kujipindapinda, mpaka Barasa mwenyewe akawa haelewi.

Siku ya nne nikashindwa. Nikamuuliza, Kiingereza changu ni cha getini, kitambulisho tafadhali, lifti ile pale, lakini nikakijaribu. "Mzee, unaandika nini?"

Akanigeuzia daftari. Lina mistari, timu hii na timu hii, mabao. "Babu yangu," akasema. "Alikuwa kipa."

Ndugu yangu, niliinuka kitandani na mpira wa dripu mkononi. "Hata mimi kipa!"

Tangu hapo, kila tukishameza, ananisimulia msimu mmoja wa babu yake. Yeye ni Mskoti, anaitwa Alasta, fundi wa mabomba makubwa, kazunguka nchi za joto maisha yake yote. Dada yake kule kwao alikuwa anampigia anamsomea vipande vya magazeti ya zamani, naye anaandikia wajukuu. Kiingereza chake kama mtu anayetafuna mfupa, nusu nilishika, nusu nilijazia mwenyewe. Kwa hiyo nikikosea, makosa gawanya kwa mbili.

Huyo babu aliitwa Wili. Miaka mia na zaidi imepita, kabla ya ile vita kubwa ya kwanza ya Wazungu. Alizaliwa kijiji cha makaa ya mawe, akiwa na miaka kumi na nne akashushwa shimoni kuchimba. Siku moja kipa wa kijiji akaoa, harusi ikagongana na mechi, wakamtafuta mwenye mikono mikubwa. Mikono ya Wili ilikuwa kama beleshi. Akasimama golini na mavumbi ya makaa usoni, hakufungwa.

Msimu wa pili akachukuliwa na timu ya mji mkubwa. Na sheria za wakati ule zilikuwa raha tupu! Kipa aliruhusiwa kushika mpira kwa mikono popote upande wake wa uwanja, mpaka mstari wa kati. Wili alikuwa anaudunda mpira anatembea nao kama anapeleka mbuzi machungani. Lakini na wao washambuliaji waliruhusiwa kumkumba kipa kwa bega. Ukidaka mpira, wanakutia nyavuni wewe na mpira wako, na bao linahesabiwa! Jezi ya sufu, mvua ikinyesha inakunywa maji inakuwa nzito kama godoro. Mpira wa ngozi wenye kamba, ukiupiga kichwa unasahau jina la mama yako.

Msimu wa tatu alidaka penalti nusu fainali ya kombe. Msimu wa nne akaitwa timu ya taifa akawa wa akiba, na zamani akiba hakuingia kabisa, alibeba koti la mwenzake akarudi nalo. Msimu wa tano, msimu wa sita, hafungwi. Nikaanza kumshuku Mzee Alasta.

"Mbona babu yako hafungwi hata siku moja? Au ni babu kama njiwa zangu?"

Nilikuwa nimeshamsimulia wale njiwa. Akacheka mpaka akakohoa, Sista Lisi akaja kutuchungulia.

"Subiri," akasema. "Atafungwa."

Wakati huo mimi wiki ya kwanza imekwisha, ya pili inakwenda. Kikohozi kimeanza kulegea. Chakula kilichokuwa kinaniambia nipitie mbali kikaanza kuniita kwa jina. Siku nilipomaliza sahani ya wali na kuku nikaomba nyingine, Sista Lisi akaniletea bila neno, akaniwekea na ndizi. Ile ndizi siisahau.

Lakini kila nilivyopata nafuu ndivyo Barasa alivyozidi kunikaa rohoni. Nikimpigia, kikohozi anakibana, maneno yanakatika. Mazoezini alikuwa kaanza kukaa chini katikati ya mchezo, shemeji yake aliniambia. Barasa kukaa chini! Nikamwambia tena akapime. Akasema, "Wewe umepata dawa kwa makohozi yangu, umenenepa, sasa unataka na kazi yangu?" Akakata. Na mimi mbaya pia, nikawa namshuku hata hapo: labda kweli ni mzima, anajifanya mgonjwa ili nitaje jina niingie kwenye mtego. Mtu anayejificha anawaona wote wamejificha.

Asubuhi moja Mzee Alasta akafungua daftari, hakucheka.

Msimu wa saba, akasema, sheria ikabadilishwa. Kipa asishike mpira nje ya boksi lake. Wili akawa kama kafungwa kamba. Na mwaka huohuo akaanza kukohoa. Kwao walikuwa wanaiogopa TB kuliko vita, ukijulikana unaondolewa timu, unaondolewa nyumba, hata kanisani watu wanasogea. Wili akanunua leso nyekundu. Leso nyekundu haionyeshi damu. Akaendelea kudaka na leso yake mfukoni, watazamaji wakaipenda, wakawa wanakuja nao na leso nyekundu wanampungia, hawajui.

Alikuwa anaishi chumba kimoja na beki wa kushoto, kijana wa miaka ishirini, Jimi. Wanalala chumba kimoja, wanakunywa chai kikombe kimoja. Jimi akaanza kukohoa. Akamuuliza Wili, hiki kitu unakijua? Wili akasema ni baridi tu, ni moshi wa mji.

"Jimi alikufa kabla theluji haijayeyuka," Mzee Alasta akasema. "Babu yangu akapona. Haijulikani kwa nini. Msimu wa nane akafungwa saba siku moja, akavua jezi, akarudi kijijini, akawa mlinzi wa geti la shule mpaka uzee."

"Mlinzi kama mimi."

"Kama wewe. Mama yake Jimi alikuwa anakaa mtaa uleule, kati ya nyumba yetu na shule. Mwendo wa dakika tano. Babu alikuwa anazunguka nyuma ya mto, dakika ishirini na tano, mvua, theluji, kila siku. Miaka arobaini hakupita mlangoni kwa yule mama."

Akafunga daftari. Mimi nikageukia ukutani. Nilitaka kulia lakini niliogopa yale machozi mekundu.

Sista Lisi alipokuja na vidonge vya siku iliyofuata, nikameza, nikafungua mdomo, nikainua ulimi. Kisha nikasema:

"Sista, yale makohozi hayakuwa yangu."

"Makohozi yapi?"

"Ya mwanzo. Ya kikopo."

"Ya nani?"

"Ya beki."

"Beki ni nani?"

Nikamtajia. Sista Lisi akakaa kitandani kwangu, na manesi huwa hawakai. "Umeniletea makohozi ya mtu mwingine kwenye kikopo chenye jina lako?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Yeye ndiye alikuwa mzima."

Mzee Alasta kule kitandani kwake akajifunika mto usoni, nikaona mto unatikisika. Sista Lisi hakucheka. Akanyoosha mkono wa glavu. "Namba yake." Ile namba naijua kwa kichwa, lakini ilitoka tarakimu mojamoja, kama naipeleka polisi. Na ndivyo nilivyojiona. Nimemuuza beki wangu.

Wakataka makohozi yangu mapya, safari hii wamesimama wawili wananikodolea macho kama marefa. Majibu yakaja: na mimi ninacho, changu halali. Kwa hiyo dawa nilizomeza hazikupotea. Mzee Alasta aliruhusiwa siku hiyohiyo, tukaagana kwa kugonganisha viwiko. Sikujua kama alinisimulia ule msimu makusudi. Nilimuuliza. Akasema mimi ndiye niliyekuwa naulizia kila siku babu yake atafungwa lini.

Kesho yake mlango wa pili ukafunguka, Barasa akaingia na begi. Walimfuata mpaka getini kwake mbele ya wenzake. Akaniona. Akapanda kitanda alichokiacha mzee, akageukia ukuta, ule mgongo wote kama kabati.

"Barasa."

Akavuta shuka mpaka masikioni.

"Kaka, nilikuwa naogopa utakufa."

"Mimi na wewe tulimalizana," akauambia ukuta.

Siku tano. Nikimpa maji hanywi, akienda kujichukulia mwenyewe anapita mbali nami. Nilijaribu utani wote ninaoujua na mwingine nikatunga. Siku ya sita daktari akaja na picha ya kifua cha Barasa, akaiinua kwenye mwanga. Kulikuwa na tundu kwenye pafu, ukubwa wa ndimu. Daktari akamwambia limeshakaa muda, na lilikuwa linaendelea kuchimba, ila umefika tungali tunaweza kulitibu. Akatoka. Barasa akakaa anaiangalia ile picha muda mrefu.

"Shabani."

"Naam."

"Ni wewe uliniambukiza."

"Au wewe ndiye uliyeniambukiza mimi. Wewe unalala juu, kikohozi kinashuka."

"Wacha ujinga. Kikohozi ni hewa, hewa inapanda."

Tukabishana mpaka chakula cha mchana. Tunabishana mpaka leo. Lakini alikula, na nusu ya mkate wake aliniwekea kwenye sahani yangu bila kuniangalia.

Hakuna aliyetupandisha ndege. Simwahidi mtu mwingine, mimi nasema yaliyotukuta sisi wawili: tulitibiwa, tukarudishwa malindo, tukawa tunakwenda kliniki kumeza mbele ya macho yao. Ramadhani ilinikuta mwezi wa nne wa dawa, nikaambiwa nisifunge, nikala mchana kwa aibu, najificha kama mwizi wa maandazi. Miezi sita. Kuna siku unajiona mzima kabisa, unasema vidonge vya nini. Siku hiyo ndiyo umeze kwa nguvu zaidi. Muda wangu ulikwisha joto lilipokuwa linarudi. Barasa, kwa ajili ya lile tundu, walimwongezea muda, likizo ya mwezi wa tano ikampita. Hakuniambia neno, ila Ijumaa iliyofuata alicheza bila kunipigia kelele hata mara moja, na hiyo kwa beki ni adhabu kali.

Likizo aliipata baadaye, mwezi wa tisa. Asante hajanipa mpaka leo na simdai. Ila siku ya pili ya kufika kwao alinipigia, sauti imejaa upepo.

"Shabani, skiza. Nimembeba binti yangu mabegani kutoka barabarani mpaka juu nyumbani. Mlima wote. Sijapumzika hata mara moja!"

"Muongo."

"Haki ya Mungu! Muulize mwenyewe, huyu hapa."

Simu ikasuguasugua, nikasikia pumzi ndogo, na mtoto wa kike akasema polepole, kama anayehesabu vidole:

"Alipumzika mara mbili."